Kuchora ramani ya inchi ya kutunga: anza na volkano, mayi itajitafutia njia

Ramani yangu ya kwanza ya inchi ya kutunga niliichora Sake, mwezi wa tano 2021, wakati tulikimbia Nyiragongo, volkano ya hapa Goma. Hakukuwa kazi, hakukuwa masomo, tulikuwa tunakaa tu, na mudogo wangu alikuwa anaandika hadisi ya wafalme na wachawi mu kaye ya hesabu, akaniomba nimuchoree ile inchi yake. Nikachora. Milima pembeni yote sawa ukuta, katikati ziwa munene, na mu ziwa mito tatu zinatoka, moja kaskazini, moja mashariki, moja inaenda baharini. Nikaona ni nzuri kabisa.

Muyomba wangu, mwenye alitumika miaka mingi mu kano (mashua) za Goma-Bukavu, akaikamata, akaiangalia bila kusema, kisha akaweka kidole pale mu ziwa. "Sasa hii mayi inatokaka wapi?" Nikamwambia inatoka ku hizi mito tatu. Akacheka mupaka akakohoa. "Mutoto, ziwa haiko mbuzi wa kuruka lupango kila fasi. Inatafutaka tundu moja, ile ya chini kuliko zote, inatokea pale, basi."

Ile siku njo nilianza kujifunza. Tangu pale nimechora ramani mingi, zingine za hadisi, zingine za michezo ya kucheza ku meza na warafiki, na vile minaona kosa ya sisi wote haiko mukono. Mukono unazoea. Kosa ni kwamba tunachora kwa kujaza fasi wazi: hapa kumebaki peupe, weka mulima, hapa kunakosa kitu, pitisha muto, pale weka musitu juu inapendeza. Lakini inchi haizaliwake vile. Kuna kitu ilipasuka ao ilinyanyuka, mayi ikashuka ao ikafungiwa, kisha majani ikaota, kisha watu wakakuya kutafuta fasi ya kulala. Ukichora kwa hiyo mustari, mutu akiangalia ramani yako ataiamini ata kama hajui ni juu ya nini. Na sisi wa Goma hatuna visingizio, kitabu yote iko inje ya dirisha.

Vifaa

Usinunue vitu vya bei. Karatasi nyeupe isiyo na mistari, krayo ya kawaida HB, bici nyeusi, na goma (ile ya kufutia, si muji, ingawa volkano nayo inatufutaka mara kwa mara). Ukipata bici mbili, moja yenye inaandika nyembamba na moja yenye imezeeka inatosha wino mingi, utakuwa tajiri.

Kwa pembeni ya bahari, kama mukono wako unachoraka tu duara sawa yai, kamata maharagi kopo moja, mwanga ku karatasi, kisha zungusha krayo pembeni ya lile fungu. Yenye imeruka mbali inakuwa visiwa. Kisha rudisha maharagi ku chungu, mama asijue. Lakini hii ni ya kuanzia tu, juu nyuma yake utapashwa kurekebisha ile pembeni kufuatana na milima, nitaeleza.

Milima, na hapa nitakawia

Simama Goma asubui ya mapema, siku yenye hakuna mawingu, angalia kaskazini. Mbele yako kabisa Nyiragongo, 3.470 m, mwinuko mukali, kichwa imekatwa sawa mutu alipitisha panga. Kushoto kwake, nyuma kidogo, Nyamulagira, 3.058 m, ile unaweza ata kusema haiko mulima, imelala pana sawa sahani ya kufunika. Kuume Mikeno, 4.437 m, imechongoka na imevunjika-vunjika sawa jino la mzee. Na karibu nayo Karisimbi, 4.507 m, ndefu kuliko zote za Virunga, siku zingine inaamuka na kichwa nyeupe.

Ine milima, zote ni volkano, zote jirani, na hakuna mbili zenye kufanana. Hii njo somo la kwanza. Nyamulagira inatapikaka lava nyepesi yenye inakimbia mbali mbele ya kuganda, kwa hiyo inajenga mulima pana. Mikeno ilizima zamani sana, na mvua imekuwa inaikula miaka na miaka, kwa hiyo inabaki mifupa. Umri na tabia ya mulima inaonekana ku sura yake. Sasa weye mu ramani yako umeweka pembetatu makumi tano zenye kulingana sawa meno ya musumeno, mutu atakuamini je? Chagua mbele: hii kundi ya milima ni zee, ichore chini-chini na ya kuviringa, ao yenye kuvunjika, ile ni changa, ichore kali. Ukiwa na volkano moja yenye ingali hai, ichore peke yake na shingo iliyokatwa, na usiiwekee rafiki wa kufanana naye karibu.

Jambo la pili, milima haimwangwake sawa chumvi. Inafuataka mustari. Kwetu hapa inchi inapasuka, ile bonde kubwa inatoka ku ziwa Albert inashuka Edward, Kivu, mupaka Tanganyika, na pembeni zake mbili kuna kuta za milima zinatembea pamoja kaskazini-kusini, na mu ile ufa njo ziwa zimelala, zote ndefu na nyembamba. Volkano za Virunga zenyewe ziko nane za kubwa na zimepangana kukatisha ile bonde, sawa mutu aliweka mawe mu mufereji. Kwa hiyo mbele ya kuchora mulima ata moja, piga mustari mwepesi wa krayo: hapa inchi ilipasuka, ao hapa vipande viwili viligongana vikajikunja. Milima itakaa ku ule mustari, mingine itaruka kidogo pembeni, na kadiri unaenda mbali na mustari inakuwa vilima, kisha tambarare. Usitoke mulima ya 4.000 m uingie moja kwa moja mu tambarare isipokuwa umeamua pale kuna ukuta wa ufa. Hiyo iko, ukienda Kanyabayonga kutoka Rwindi unapanda Kabasha, ile ni ukuta kweli. Lakini iwe umeiamua, isiwe ulichoka.

Sasa namna ya kuchora yenyewe. Umekula samaki, umeona mufupa wa mugongo na miiba yake. Njo hivyo. Chora mugongo wa mulima mbele, mustari wenye kuyumba-yumba, kisha toa miiba inashuka kushoto na kuume, lakini isitoke fasi moja pande zote mbili, ipishane, mmoja mrefu mmoja mfupi, mwiba mwenyewe unaweza kuzaa viiba vidogo. Katikati ya miiba miwili kuna bonde dogo, na pale njo muto unaanzaka, kumbuka hii juu itakusaidia ku mayi. Kwa volkano ni tofauti, hakuna mugongo, miiba yote inatoka ku kichwa inashuka kila upande sawa vyuma vya mwavuli.

Kisha mwanga. Amua jua iko upande gani, watu wengi wanachukuaka kushoto juu, na tia kivuli ku upande wa kuume wa kila mulima, kila mulima nasema, usisahau mmoja. Kivuli fanya na mistari mifupi yenye kufuata mushuko, pale kunashuka sana mistari ikaribiane, pale kunashuka polepole iachane. Mi nilikuwa naipaka na kidole, inakuwa chafu, ukipiga foto inaonekana sawa mutu alimwaga chai. Na milima ya mbele ifunike miguu ya ile ya nyuma, hapo njo inakuwa safu, la sivyo inabaki foleni.

Ukichora volkano usiache ikae peke yake sawa mufalme bila watoto. Hapa Goma tuko na mulima Goma pale karibu ya ziwa, kilima kidogo tu, ni volkano mutoto. Kuna Lac Vert upande wa magaribi, tundu ya zamani iliyojaa mayi. Kuna kisiwa cha Tchegera, iko sawa mwezi nusu juu ni ukingo wa tundu ya volkano yenye imezama. Kwa hiyo karibu na volkano yako tupa vilima vinne, tano vyenye matundu, na uvipange ku mustari mmoja ao miwili, juu vinatokeaka fasi inchi imepasuka.

Na lava. Watu wengi wanachora lava inatoka ku kichwa inamwagika pande zote sawa sosi ku wali. Tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 2002 haikukuya vile, ilitokea ku nyufa upande wa kusini wa Nyiragongo, ikashuka, ikakata muji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia mu ziwa. Lava inafuataka fasi ya chini sawa mayi, ila ni mayi yenye kuacha alama. Ichore sawa ulimi mrefu, vidole ku mwisho, na uiache tupu, bila miti kama ni ya juzi, vijiti vichache kama ni ya miaka makumi, musitu kama ni ya mababu. Kisha chora muji wenye kujengwa juu yake tena, juu watu wanarudiaka. Mu hadisi, ukuta za ule muji ziwe za mawe nyeusi, hutapashwa kueleza kitu, ramani imeshaeleza.

Kitu kingine nashangaa hakuna mutu anatumia: mazuku. Kwa wenye hawako wa huku, mazuku ni ile hewa mbaya yenye inatokea chini ya inchi, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa hiyo inakaa mu mashimo na fasi za chini, na mbuzi akishuka pale anakufa, na mutu pia. Iko kabisa, iko pande za Goma na Sake. Sasa mutu anatunga inchi ya wachawi anaanza kutafuta bonde la laana na moshi wa zambarau, na kumbe anaweza kuweka tu bonde dogo la majani mazuri, kijani kabisa, bila nyumba ata moja na njia inaizunguka mbali. Musomaji atajiuliza mwenyewe.

Mayi

Hapa njo muyomba alinicheka, kwa hiyo nimejifunza kwa haya.

Mito inaunganaka, haigawanyikake. Ukiwa unaangalia ramani na muto mmoja unapasuka kuwa miwili na kila mmoja unaenda bahari yake, ile ni uongo. Fikiria muti: matawi ni vijito vya ku milima, shina ni muto munene, mizizi... hapana, mizizi wacha, ingawa pale mwisho kabisa, muto ukifika tambarare na ukianza kuangusha udongo, hapo unaweza kugawanyika kidogo, ile wanaitaka delta. Ruzizi inafanya vile, mbele ya kuingia Tanganyika inakuwa Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo. Pale tu, ku mudomo.

Ziwa iko na mulango mmoja wa kutokea. Inaweza kupokea mito mia, inatokea ku moja. Juu mayi inapandaka mupaka ipate ukingo wa chini kuliko zote, inamwagika pale, na vile inamwagika inachimba, ule mulango unakuwa chini zaidi, mingine haitapata nafasi tena.

Na hapa njo nafikaka ku hadisi yenye mi napenda kuliko zote, na haiko ya kutunga. Zamani, mayi ya hii bonde yetu ilikuwa inaenda kaskazini, inaenda ku ziwa Edward na kule mupaka Nil. Kisha volkano za Virunga zikaota katikati ya njia. Zikafunga. Mayi ikakosa pa kwenda, ikapanda, ikapanda, ikafunika mabonde, vilima vikabaki visiwa, mupaka ikapata tundu kusini, pale Bukavu, na ikamwagika. Ile njo Ruzizi. Inatoka ku Kivu ku 1.460 m hivi, inaangukia Tanganyika ku 773 m hivi, ni karibu 700 m ya kushuka mu kilometre 120 hivi, kwa hiyo inapiga kelele na watu wameweka baraji ya umeme. Kutoka Tanganyika mayi inatokea Kalemie mu muto Lukuga, inaingia Lualaba, inakuwa Kongo, inaenda Atlantiki. Tone yenye ilikuwa ya Misri imekuwa ya Matadi, juu ya milima tu.

Sasa fanya hivyo ku karatasi yako. Kweli, ni zoezi nzuri kuliko zote zenye mi najua. Chora bonde na muto wake na vijito vyake vyote, na krayo nyepesi. Kisha chora volkano inakatisha. Kisha jaza mayi nyuma yake: kila kijito kilikuwa kinaingia mu muto sasa kinazama, na bonde lake linakuwa kidole cha mayi chenye kuingia mu inchi kavu. Mugongo wa katikati ya vijito viwili unabaki unatoka mu mayi. Angalia Bukavu, zile rasi zake tano zenye kuingia mu ziwa sawa mukono, ile ni migongo ya vilima na katikati yake mabonde yaliyozama. Angalia kisiwa cha Idjwi, imelala kaskazini-kusini sawa ziwa lenyewe, ni mulima iliyobaki na kichwa inje. Kwa hiyo pembeni ya ziwa yako haitokake ku maharagi tena, inatoka ku milima, pale mugongo unafika inchi inatoka, pale bonde linafika mayi inaingia, na visiwa vinakaa ku mustari ule ule wa mugongo sawa unaendelea chini ya mayi. Ukifanya hivyo ata mutu asiyejua kitu atasema hii ramani inafanana na ya kweli. Na uache ile njia ya zamani ya muto upande wa pili wa volkano, na vidoti. Bonde kubwa na kijito kidogo ndani yake. Mu hadisi ya mudogo wangu pale njo mizimu ya muto inakaa.

Kwa mustari wa muto wenyewe: ku milima iende karibu wima, kona kali, nyembamba. Ku tambarare izunguke sawa nyoka iliyoshiba. Na iongezeke unene kidogo kila ikipokea mwenzake, si kwa ghafla.

Halafu kuna fasi mvua inanyesha sana na muto hakuna. Goma. Mutu mugeni anashangaa, mvua yote hii, kijito iko wapi? Mawe yetu ya volkano iko na matundu na nyufa, mayi inashuka chini, na sisi tunaenda kuteka mu ziwa na bidoni. Kwa hiyo pembeni ya volkano changa usichore mito mingi, acha peupe, na chemchem iweze kutokea mbali, kule lava inaishia. Na watoto wenye bidoni, kama unachora vya kidogo-kidogo, waweke mu njia ya kushuka ziwa.

Mvua na majani

Upepo wenye mayi ukifika ku mulima unapanda, unapoa, unamwaga mvua pale, ukivuka upande wa pili unakuwa mukavu. Chora mshale mmoja mudogo pembeni ya karatasi: upepo unatoka huku. Kisha upande unaopokea upepo weka musitu, upande wa nyuma weka majani mafupi na vumbi. Urefu pia: Bukavu watu wanavaa jaketi, ukishuka na gari mupaka Uvira mu bonde ya Ruzizi unatoa jaketi, unatoa na shati kama hakuna mutu anakuangalia, ni joto na ukavu, na haiko mbali.

Ku mulima mrefu majani inajipanga kwa mishipi. Ku Mikeno na Karisimbi unaanza na musitu, unapita mu mianzi, juu yake miti yenye ndevu za kuvu, juu zaidi zile mimea za ajabu, lobelia na senesio ndefu kuliko mutu, juu kabisa mawe. Ruwenzori, 5.109 m, iko na barafu na iko karibu kabisa na ikweta. Kwa hiyo usimuache mutu akwambie barafu inakaaka kaskazini tu. Kwa ramani ndogo mishipi miwili inatosha: fasi miti inaishia, na fasi barafu inaanza, na kila mulima iheshimu hizo. Kilima kifupi na barafu jirani ya mulima mrefu bila barafu, hapana.

Udongo nao unasema. Wandugu wa Lubumbashi wanajua hii kuliko mi: kule Katanga kuna vilima vyenye mukuba (shaba) mingi, miti inakataaka kuota pale, unaona kilima kipara katikati ya musitu, na kuna ua moja, Haumaniastrum katangense, yenye inapendaka ile udongo, watafuta mukuba walikuwa wanaifuata. Weka vilima vipara viwili, vitatu mu musitu wa ramani yako, usiandike kitu. Wenye akili watachimba.

Musitu wenyewe usijaze miti elfu. Chora ukingo wake, na miti inasimama pale ku ukingo wa chini, ndani acha peupe na miti michache-michache, macho itajaza. Na kumbuka musitu haubaki siku zote pale mvua iliuweka. Masisi vile tunaiona leo, vilima vya majani na ngombe na jibini, ilikuwa na musitu, watu walikata. Karibu na muji musitu uwe umekatika, juu makala inatoka wapi?

Watu wanakaa wapi

Hii sehemu watu wanaikimbiaka, wanatupa vidoti vya miji sawa vile nilitupa maharagi. Uliza tu: mutu angesimama pale juu ya nini? Bukavu iko pale ziwa inatokea. Kalemie, pale Tanganyika inatokea. Uvira, pale Tanganyika inaanza. Kisangani na Ubundu, pale maporomoko inakatiza meli, watu walijenga reli ya kilometre 125 kuunganisha meli ya chini na ya juu. Kinshasa juu ya maporomoko, Matadi chini yake. Karibu kila muji kubwa ku mayi yetu iko fasi mutu alipashwa kushusha muzigo kichwani. Muzigo ukishuka, kuna mutu wa kuubeba, kuna mama wa kumuuzia chakula, kuna mwenye kulazisha kodi, basi muji.

Na mbona Goma, chini ya volkano? Juu kuna ziwa ya kusafirisha, kuna mupaka na Gisenyi pale pale, na udongo wa volkano unazalisha. Ukisimama ku njia ya Kibumba asubui utaona chukudu, zile kinga za mbao za kubebea mizigo, zinashuka na mashu na viazi, mbio kabisa, na mangaribi wanazisukuma kurudi juu tupu. Chakula inashukaka, pesa inapandaka. Weka mashamba juu ya muji, si chini, na njia moja pana ya kushuka.

Kwa njia na eshele (kipimo cha ramani), jifunze ku ziwa yetu. Goma na Bukavu mu mayi ni kilometre 100 hivi, kwa barabara ni karibu 200, juu barabara inazunguka kila ghuba na inapanda kila mugongo. Mu ramani ya kutunga watu wanachoraka njia wima sawa mutu alipiga rula, kisha wanasema farasi alifika siku mbili. Pima: mutu wa mizigo ku miguu, weka kilometre 25 kwa siku ku tambarare, ku milima punguza nusu. Andika eshele mbele ya kuandika hadisi, si nyuma, nyuma utajikuta umechora ufalme wenye mutu anauvuka mbele ya chakula ya saa sita.

Ramani ya pili nilimupelekea muyomba na kiburi. Ziwa, mulango mmoja, rasi, visiwa ku mustari, yote. Akaangalia, akaweka kidole ku pembeni ya magaribi. "Hapa upepo ikianza usiku, kano inajificha wapi?" Nilikuwa nimechoka pale nikapitisha mustari laini, kilometre 300 bila ghuba ata moja. Nikafuta.

Kumalizia na bici

Ukimaliza krayo, lala. Kesho yake geuza karatasi kichwa chini uiangalie, makosa itajionyesha, muto unaopanda mulima unauonaka haraka hivyo. Kisha pitisha bici: mbele majina (ukiandika majina mwisho utayapitisha juu ya milima), kisha pembeni za mayi, kisha mito, kisha milima ya mbele, kisha ya nyuma, miti ya mwisho. Majina yatoke ku midomo ya watu wa pale, Virunga yenyewe ni volkano tu mu lugha ya watu wa huku, kwa hiyo usiogope kuita mulima "Mulima" na muto "Mayi Nyeusi".

Ngoja wino ukauke kweli kweli, robo saa, mbele ya kufuta krayo. Mi nilipoteza delta nzima kwa haraka.

Foto piga asubui karibu na dirisha, bila flashi, telefone ikae sambamba na karatasi, na kama karatasi inajikunja weka mawe ine ku pembe zake. Mawe hayakosekanake hapa.